Daktari wa Moyo Hufundishwaje?



Mgonjwa aliyelala katika hospitali kubwa ya mafundisho huona jambo ambalo mara nyingi humshangaza. Asubuhi daktari mkubwa anafika kitandani, na nyuma yake wanafuata madaktari vijana wawili, watatu au wanne. Mkubwa anasikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha anamwambia wa pili, "Sikiliza wewe." Halafu wa tatu, vilevile. Wanasema maneno machache kwa Kifaransa, wanaandika katika karatasi, wanaendelea kwa kitanda kingine.

Mgonjwa anabaki na mawazo mengi. "Mbona wote wananisikiliza? Je, ugonjwa wangu umewashinda? Au wanajifunza kazi yao juu ya mwili wangu?" Wengine hukasirika. Wengine hukataa kuguswa, nao wako wanaotoka hospitalini kabla ya kupona kwa sababu ya jambo hili tu.

Yafaa tulijibu swali hili wazi. Ndiyo, wale vijana wanajifunza. Hakuna daktari wa moyo aliyezaliwa akijua kazi hiyo, wala hakuna aliyeipata katika kitabu peke yake. Basi katika kurasa hizi tutaeleza jinsi daktari wa moyo anavyofundishwa, miaka anayotumia, na sehemu ya mgonjwa na ya jamaa katika mafundisho hayo. Ukiisha kuelewa, utajua la kusema siku vijana wale watakapofika kwenye kitanda chako au cha mtoto wako.

MOYO NA PAMPU YA MGODI

Sisi watu wa Katanga twajua kazi ya pampu. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, unashuka chini sana katika ardhi, na maji huingia humo mchana na usiku. Pampu zikifanya kazi, watu huchimba kwa amani. Lakini mwaka 2011 pampu kubwa za mgodi huo zilikoma. Maji yakapanda, mahali pa kazi pakafurika, na kuyatoa maji yale kulikuwa kazi ya miaka.

Moyo wa mtu ni pampu ya namna hiyo. Ukubwa wake ni kama ngumi yako. Una vyumba vinne na milango minne midogo inayofunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi nyuma. Katika mtu mzima aliyepumzika hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku moja. Kila dakika husukuma damu kama lita 5. Hesabu mwenyewe: kwa siku nzima ni zaidi ya lita 7,000, kama bidoni 350 za lita 20. Kazi hiyo haina Jumapili wala likizo.

Pampu hii ikidhoofika, maji hubaki mahali yasipotakiwa. Hujaa mapafuni, na mtu hushindwa kupumua akilala chali. Hukaa miguuni, na miguu huvimba hata ukibonyeza kwa kidole hubaki shimo. Tumbo nalo huweza kujaa.

MBONA MOYO UNA DAKTARI WAKE?

Labda utauliza: "Kama dalili ni kuvimba miguu na kukosa pumzi, mbona daktari ye yote asitoe dawa ya kutoa maji?" Dawa hiyo hutolewa, nayo husaidia. Lakini kuvimba si jina la ugonjwa. Ni kama moshi: unakuonyesha kwamba moto upo, haukuambii ni nyumba gani inayoungua.

Tazama wagonjwa wanne waliolala katika chumba kimoja, wote wamevimba miguu.

Wa kwanza ni msichana wa miaka 14. Alipokuwa mdogo aliumwa koo mara kwa mara, kisha viungo vikavimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Ugonjwa huo huitwa homa ya rumatiki. Uliponda milango ya moyo wake.

Wa pili ni mama aliyezaa miezi miwili iliyopita. Nyama ya moyo wake imelegea. Ugonjwa huu huja mwisho wa mimba au katika miezi ya kwanza baada ya kuzaa, na mara nyingi jamaa husema, "Ni uchovu wa mtoto tu."

Wa tatu ni mzee mwenye shinikizo la damu, ambalo wengi kwetu huliita tansio. Miaka mingi moyo wake ulisukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, hata ukachoka.

Wa nne ni kijana mwenye kifua kikuu. Ugonjwa umeingia katika mfuko unaouzunguka moyo, na maji yaliyojaa mfukoni yanaubana moyo usiweze kufunguka.

Wa kwanza anahitaji sindano za penisilini kwa miaka mingi, na pengine kupasuliwa. Wa pili anahitaji dawa za kuutia moyo nguvu, na kushauriwa kabla ya kupata mimba nyingine. Wa tatu anahitaji vidonge vya kila siku maisha yake yote. Wa nne pengine atatolewa maji kwa sindano leo hii, kisha atakunywa dawa za kifua kikuu kwa miezi. Miguu yao ni sawa, lakini ukiwapa wote dawa moja, mmoja au wawili watakufa. Basi kuzitambua tofauti hizi mapema ndiyo kazi ya daktari wa moyo, na ndiyo sababu mafundisho yake ni marefu.

WALIOTANGULIA

Ufundi huu haukuja siku moja. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alikuwa na mgonjwa mwanamke aliyesumbuliwa na moyo. Aliona haya kuweka sikio lake kifuani pa mwanamke huyo. Akakunja karatasi kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na upande mwingine sikioni, akasikia vizuri kuliko zamani. Hapo ilizaliwa stetoskopu, kile chombo ambacho kila daktari hukivaa shingoni leo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mholanzi Willem Einthoven alitengeneza mashini ya kuandika umeme mdogo wa moyo. Mashini yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Leo mashini ya kazi hiyo, elektrokadiogramu, hubebwa kwa mkono mmoja. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Mwaka 1929 huko Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alitaka kujua kama mtu anaweza kuingiziwa bomba laini katika mshipa wa mkono mpaka moyoni bila kufa. Mkubwa wake alimkataza. Yeye akajifanyia mwenyewe kwa siri, kisha akatembea na bomba lile mwilini mpaka chumba cha picha za eksirei, ili ushahidi upatikane. Wengi walimlaumu, akaiacha kazi ya moyo akawa daktari wa njia ya mkojo. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na madaktari wawili waliokuwa wameiendeleza njia hiyo huko Marekani.

Tena mwaka 1953 katika mji wa Lund, Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walitumia sauti ambazo sikio la mtu halizisikii, wakauona moyo unavyocheza bila kupasua kifua. Mashini hiyo huitwa eko.

Forssmann alijifunza peke yake, kwa siri, na kwa hatari ya maisha yake. Daktari kijana wa leo hakubaliwi kufanya hivyo. Anajifunza mbele ya mkubwa wake, hatua kwa hatua, ili hatari isimwangukie mgonjwa. Kwa hiyo ukiona daktari mkubwa amesimama nyuma ya kijana na kuangalia mikono yake, usiogope. Uogope zaidi kama kijana angekuwa peke yake.

NCHI YETU MWAKA 1960

Ili tujue thamani ya jambo hili, tukumbuke tulikotoka. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hakuwako Mkongo hata mmoja aliyekuwa amemaliza masomo ya udaktari wa chuo kikuu. Walikuwako wauguzi wengi, na wasaidizi wa uganga zaidi ya 100, watu hodari waliofanya kazi kubwa chini ya madaktari wa Ulaya. Mmoja wao alikuwa Jason Sendwe, ambaye baadaye aliingia katika siasa na akauawa mwaka 1964. Hospitali kubwa ya serikali hapa Lubumbashi inaitwa kwa jina lake.

Madaktari wengi wa Ulaya walipoondoka kwa haraka katika mwaka ule, Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa kusaidia. Likawapeleka pia wasaidizi wa uganga wengi kwenda Ufaransa ili wamalize masomo na kuwa madaktari kamili. Watu wazima, wenye wake na watoto, wakarudi kuketi katika benchi la shule. Baada ya miaka michache walirudi na diploma, wakashika kazi. Wakati huohuo vijana walikuwa wakisoma katika Lovanium, chuo kilichoanza mwaka 1954 karibu na Kinshasa. Chuo kikuu cha mji wetu kilianzishwa mwaka 1955, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vingine vya nchi, na tangu 1981 kimekuwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Kwa hiyo mtu akisema, "Sisi hatuwezi kazi ngumu kama ya moyo," mwambie habari za wasaidizi wale. Walianza safari wakiwa watu wazima.

SAFARI YA MIAKA

Tuhesabu sasa miaka ya mtoto mmoja wa Katuba au Kamalondo anayetaka kuwa daktari wa moyo.

Shule ya msingi na sekondari ni miaka 12, mpaka mtihani wa taifa. Akianza na miaka 6, amefika 18.

Masomo ya udaktari katika nchi yetu kwa muda mrefu yalikuwa miaka 7. Mitatu ya kwanza ni ya msingi: jinsi mwili ulivyoumbwa na unavyofanya kazi. Minne inayofuata ni ya magonjwa na dawa, na ya mwisho hufanywa hospitalini. Sasa ana miaka 25, kama hakuanguka mwaka wo wote. Anaandikwa katika daftari la Baraza la Madaktari, na watu humwita munganga.

Lakini yeye bado si daktari wa moyo. Kwanza yafaa afanye kazi ya kawaida: malaria, kuzalisha, vidonda, watoto wenye kuharisha. Kazi hii humfundisha kumwona mtu mzima kabla ya kuona kiungo kimoja. Tuseme miaka 2. Amefika 27.

Kisha anarudi shuleni kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani ya mwili. Huko Dar es Salaam masomo hayo ni miaka 3. Mahali pengine ni 4 au zaidi. Amefika 30 au 31.

Ndipo mlango wa mwisho unafunguka: mafunzo ya ubingwa wa moyo wenyewe, miaka 2 au 3 tena. Akitoka humo ana miaka 32 mpaka 34. Rafiki zake aliocheza nao mpira barabarani wana watoto wanaosoma sekondari.

Tena njia hii mara nyingi humtoa nje ya nchi. Zamani ilikuwa lazima kwenda Ulaya. Siku hizi mafunzo ya moyo yanapatikana pia Afrika, kama Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Cape Town. Lakini Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa hukuta huko masomo ni kwa Kiingereza. Basi anajifunza lugha mpya usiku, na moyo mchana. Anahitaji na bursi, yaani msaada wa fedha za masomo, maana fedha za nyumbani hazitoshi.

Hapa ndipo jamaa hujaribiwa. Walimlipia shule miaka mingi. Siku aliyopata diploma waliimba na kuchinja mbuzi, wakisema, "Sasa taabu imekwisha." Kisha wanasikia kwamba anarudi kuwa mwanafunzi. Mama anauliza, "Utajenga lini?" Wadogo zake wanangoja ada. Mke anabaki na watoto. Vijana wengi wenye akili huiacha njia hii katikati, si kwa kushindwa na masomo, bali kwa kushindwa na maneno ya nyumbani. Jamaa wanaokaa pamoja mapema na kupanga nani atalipa ada ya wadogo, nani atamsaidia mke, wamefanya sehemu ya kazi ya kumfundisha daktari.

SIKU ZA KUJIFUNZA

Je, katika miaka ile ya mwisho anafanya nini?

Asubuhi na mapema anawatazama wagonjwa wake kabla mkubwa hajafika. Anapima mapigo, anatazama mishipa ya shingo, anabonyeza miguu, anasikiliza moyo mahali panne. Mkubwa akifika, kijana anasimama na kueleza: mgonjwa ni nani, aliugua lini, alionaje, na yeye afikiri nini. Mkubwa humwuliza maswali mpaka ajibu "Sijui." Jibu hilo si aibu. Ni mahali masomo ya siku ile yanapoanzia.

Baadaye anakaa na karatasi za elektrokadiogramu, anazisoma moja baada ya moja. Anashika mashini ya eko. Utapakwa mafuta ya baridi kifuani, na kifaa kidogo kitapitishwa juu ya ngozi. Hakuna sindano wala maumivu. Kijana anatafuta vyumba na milango ya moyo katika kioo cha mashini. Mkubwa anashika mkono wake na kuugeuza kidogo, na picha inatokea. Mamia ya wagonjwa hupita mikononi mwake kabla hajaaminiwa kupima peke yake.

Katika hospitali zenye chumba cha katheta, ile njia ya Forssmann, kwanza anatazama tu. Baadaye anasaidia. Halafu anafanya mwenyewe, mkubwa akiwa kando yake. Kila jambo alilofanya huandikwa katika kitabu na kutiwa sahihi. Usiku anaitwa. Mwisho kuna mtihani, na si wote wanaopita mara ya kwanza.

Sikio lake nalo linafundishwa. Mlango wa moyo unaovuja husikika kama upepo upitao katika ufa wa dirisha. Mlango uliobana husikika kama ngurumo ya mbali, chini sana, na asiyezoea hasikii kitu. Hakuna kitabu kinachoweza kumpa kijana sauti hiyo. Ni mgonjwa tu anayeweza kumpa. Ndiyo maana mkubwa husema, "Sikiliza wewe."

Tena si vijana tu wanaofundishwa na wagonjwa. Mwaka 1948 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari J. N. P. Davies alieleza ugonjwa ambao ngozi ya ndani ya moyo hukauka kama kovu. Ugonjwa huo ulijulikana kwa sababu ya watu wa Uganda waliougua, wala haukutoka katika vitabu vya Ulaya. Watu wale walikuwa walimu wa waganga wa dunia nzima.

WAAFRIKA WAWILI KATIKA NJIA HII

Bongani Mayosi alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1967, akamaliza udaktari mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Natal. Akawa bingwa wa moyo katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, hospitali ileile ambamo Christiaan Barnard alihamisha moyo wa mtu kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1967. Alisoma pia Oxford, Uingereza. Angeweza kubaki huko. Alirudi, akachagua magonjwa ya moyo ya watu maskini, akawafundisha madaktari wa nchi nyingi za Afrika. Alikufa mwaka 2018, akiwa na miaka 51.

Yeye na wenzake waliandika habari za wagonjwa 3,343 wenye moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, katika nchi 14. Zambia, jirani yetu, ilikuwa mojawapo. Walipowafuata miaka 2, katika kila wagonjwa 100 kama 17 walikuwa wamekufa. Nusu ya waliokufa hawakuwa wamefika miaka 29. Fikiri vizuri juu ya hesabu hiyo. Ni vijana wa kuoa na kuolewa, mama wa watoto wadogo. Na ugonjwa wao ulianza kwa koo lililouma.

Wa pili ni Mtanzania, Mohamed Janabi. Alisomea udaktari Kharkiv, Ukraine, akaendelea Australia, kisha akapata shahada ya juu ya magonjwa ya moyo Osaka, Japani. Nchi tatu za kigeni! Akarudi Dar es Salaam, akaongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa Tanzania walipelekwa India kupasuliwa moyo. Sasa wengi wanapasuliwa nyumbani, na madaktari vijana wanafundishwa humohumo. Mwaka 2025 Janabi alichaguliwa kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kwa Afrika.

Wote wawili walikwenda mbali, wakarudi, wakafundisha wengine. Daktari mmoja wa moyo hawezi kuwaona wagonjwa wa jimbo zima. Lakini akifundisha watano, na watano wakafundisha watano, hesabu inageuka.

AKIRUDI NYUMBANI

Tusifiche neno gumu. Wako wanaokwenda wasirudi. Huko wamepata mshahara, mashini na umeme usiokatika. Kabla ya kuwahukumu, tujiulize: tumewaandalia nini? Daktari wa moyo asiye na mashini ya eko ni kama fundi seremala asiye na msumeno. Yote anayo kichwani, lakini mikono yake imefungwa. Kwa hiyo anapotumwa mtu kusoma, wanaomtuma wapange siku ileile mahali atakapofanyia kazi na chombo atakachotumia. Eko moja inayotunzwa vizuri, na sindano za penisilini zisizokosekana, zaweza kumrudisha mtu kuliko maneno mengi ya lawama.

NA WEWE, UFANYE NINI?

Huna haja ya kungoja daktari wa moyo ili uulinde moyo. Shika mambo haya.

1. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, usimpe chumvi na maji tu na kungoja. Mpeleke kituo cha afya. Kama ni ugonjwa wa vijidudu viletavyo homa ya rumatiki, penisilini huviua kabla havijaleta madhara katika moyo. Watoto wa miaka 5 mpaka 15 ndio walio katika hatari zaidi.

2. Mtoto akivimba viungo, uchungu ukihama kutoka goti mpaka kiwiko, usiseme ni kukua. Apimwe moyo.

3. Aliyeandikiwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Mara nyingi hudungwa kwa miaka 10 au zaidi. Sindano hiyo haiponyi mlango uliokwisha kuharibika; hulinda usiharibike tena.

4. Mama akikosa pumzi akilala, au akivimba miguu upesi mwisho wa mimba au baada ya kuzaa, apelekwe hospitali siku ileile.

5. Kila mtu mzima apimwe tansio. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, arudi kupimwa tena na kufuata shauri la daktari. Anayekunywa vidonge asiache mwenyewe. Chumvi ipungue katika sombe na katika kitoweo.

6. Mwenye kifua kikuu anywe dawa mpaka mwisho, hata kikohozi kikiisha.

Na madaktari vijana wakisimama kando ya kitanda chako, una haki kuuliza: "Wewe ni nani? Unataka kufanya nini? Nani anakuangalia?" Daktari mwema atakujibu kwa lugha unayoijua. Una haki pia kusema, "Leo nimechoka, njooni kesho," na hapo hawapaswi kukunyima matunzo. Lakini kama nguvu unazo, uwaruhusu. Labda sauti wanayoisikia leo katika kifua chako ndiyo watakayoitambua mwakani katika kifua cha mtoto wa jirani, mapema, kabla miguu haijavimba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini wagonjwa wanne wenye miguu iliyovimba hawawezi kupewa dawa moja?
2. Katika mtaa wenu, mtoto akiumwa koo, watu hufanya nini kwanza?
3. Jamaa wa daktari anayerudi kusoma wanaweza kumsaidia kwa njia gani?
4. Je, yuko katika kanisa lenu aliyeacha sindano zake za penisilini au vidonge vya tansio? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii?